«Ndivyo Alivyo»

Ninyi mkaao Koni mnaijua vema kazi ya maji ya mto Lufira. Maji yanashuka kwa nguvu, yanazungusha mashine, na mashine zinatoa umeme uendao migodini na mijini. Kituo cha umeme cha Mwadingusha kilianza kazi mwaka 1930, na hiki cha Koni, kilicho chini yake mtoni, mwaka 1950. Tangu siku hizo watoto wengi wamezaliwa na kukua karibu na mashine hizo, na baba wengi wamepata chakula cha nyumba zao kwa kuzitunza.

Mashine kubwa haikai kimya. Inanguruma mchana na usiku. Mgeni akiingia husikia kelele tu, wala hawezi kupambanua sauti na sauti. Lakini fundi aliyefanya kazi hapo miaka mingi anaijua ngurumo ya kila siku kama ajuavyo sauti ya mkewe. Ngurumo ikigeuka kidogo tu, fundi husimama, hutega sikio, kisha huchukua taa na kwenda kutazama. Hasemi: «Mashine ni kelele, ndivyo ilivyo.» Akisema hivyo na kuendelea na mazungumzo yake, siku moja chuma kitavunjika mbele ya macho yake, naye hatakuwa na la kujitetea.

Leo tunataka kulitafakari neno hilo dogo, «ndivyo alivyo», si kwa habari ya mashine, bali kwa habari ya mtu mgonjwa. Maana liko kundi la watu ambao neno hilo huwatangulia kila waendako. Hufika hospitalini kabla yao, huketi kitini kabla yao, na mara nyingi mganga hulisikiliza neno hilo kuliko anavyomsikiliza mgonjwa mwenyewe.

Mama mlangoni

Tuchukue mfano. Mfano huu tumeutunga wenyewe ili utufundishe, lakini mambo yaliyomo hutokea kweli.

Usiku wa manane mama mmoja anafika kwenye kituo cha afya, amembeba mgongoni mtoto wa kiume wa miaka 8. Mtoto huyu hasemi. Tangu udogo wake hapendi kutazamwa usoni. Hupenda kupanga mawe madogo katika mstari mmoja, hupiga makofi anapofurahi, na hula bukari tupu, bila mboga. Kijijini wote wanamjua. Usiku huu analia kwa sauti kali, anajipiga kichwani kwa ngumi, na kila amkaribiaye anamsukuma.

Muuguzi yuko peke yake. Ana wagonjwa wengine watano, na taa moja. Anamtazama mtoto kutoka mlangoni, anamtambua, kisha anasema kwa upole: «Pole, mama. Mtoto huyu tunamjua, ndivyo alivyo. Nitampa dawa ya usingizi, na kesho atatulia.»

Mama anajibu: «Hapana, baba. Si hivi alivyo.»

Tuwaache hapo mlangoni kwa kitambo, tujiulize: Je, muuguzi huyu amekosa? Hakumtukana mama. Hakumfukuza mtoto. Hakuomba fedha kabla ya kuhudumu. Hata sauti yake ilikuwa ya upole. Hata hivyo jambo moja amekwisha kulifanya: amehukumu kabla hajamgusa mgonjwa. Jibu alilolitoa hakulipata katika mwili wa mtoto, bali alikuwa nalo moyoni mwake tangu zamani, naye amelitoa kama mtu atoavyo shati kabatini.

Hali iitwayo usonji

Kwanza tuifahamu hali ya mtoto. Waganga wasemao Kifaransa huiita otisme. Katika Kiswahili cha Tanzania na Kenya huitwa usonji. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si adhabu ya kosa lolote. Ni namna ambavyo ubongo wa mtu umejengwa tangu mwanzo wa maisha yake. Mwaka 1943 mganga Leo Kanner wa Baltimore, huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii. Na mwaka 1944 Hans Asperger wa Vienna aliandika habari za wengine waliofanana nao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 alikuwa na usonji. Wala asiseme mtu kwamba jambo hili ni la Wazungu peke yao. Mwaka 1978 mchunguzi Victor Lotter alichapisha habari za watoto wenye usonji aliowatafuta katika nchi mbalimbali za Afrika, naye aliwapata.

Watu hawa hawafanani wote. Mmoja husema sana na kusoma vitabu. Mwingine hatamki hata neno moja maisha yake yote. Wengi husikia ulimwengu kwa nguvu kuliko sisi: taa inawachoma, kelele inawapiga, mkono wa mgeni mwilini mwao ni kama moto. Wengine wana kifafa pamoja na usonji. Lakini katika jambo moja wanafanana na watu wote: wanaugua malaria, wanavunjika mifupa, tumbo linawauma, meno yanaoza, wanaumwa na nyoka. Usonji haumkingi mtu na ugonjwa wowote.

Hukumu nne zinazotangulia

Sasa tuzitazame hukumu ambazo huketi mioyoni mwetu kabla ya mgonjwa kuja. Tutazitaja nne, na kila msomaji ajipime kwa hizo.

Hukumu ya kwanza ndiyo ile ya muuguzi wetu: kwamba kila kitu afanyacho mtu mwenye usonji kimetoka katika usonji wake. Akilia, ni usonji. Akikataa chakula, ni usonji. Akianguka, ni usonji. Waganga wameulinganisha ubaya huu na kivuli: hali moja, kwa kuwa ni kubwa na yaonekana, hutupa kivuli juu ya ugonjwa mwingine, nao hauonekani tena. Mwaka 1982, huko Marekani, Steven Reiss na wenzake waliujaribu ukweli wa jambo hili. Waliwapa wataalamu wa nafsi habari za mtu aliyesumbuliwa na hofu kubwa. Baadhi yao waliambiwa pia kwamba mtu huyo ana upungufu wa akili, wengine hawakuambiwa. Habari ya hofu ilikuwa ileile. Kumbe, waliosikia juu ya upungufu wa akili waliihesabu hofu ile kuwa jambo dogo kuliko walivyoihesabu wenzao. Hawa hawakuwa wajinga, bali watu waliosoma. Basi tusidhani kwamba shule peke yake huondoa kivuli hiki.

Hukumu ya pili husema: huyu hasikii maumivu. Wengine huisema kwa dharau, wengine kwa heshima, wakimwita mtoto malaika asiyeguswa na mateso ya dunia. Lakini heshima ya namna hiyo haimfai mwenye jino bovu. Kweli wako wenye usonji ambao, wakiumia, hawalii kama sisi. Huyu hunyamaza kuliko kawaida, huyu hucheka, huyu hujipiga mahali panapouma, huyu hukimbia huku na huku. Kutolia si kutoumia. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hukumu ya tatu ni ya uchawi. Katika nchi yetu ya Kongo watoto wengi wameitwa wachawi kwa sababu tu wanakesha usiku, hawatazami watu usoni, au wanasema peke yao. Mtoto wa namna hii akishikwa na degedege, wako watu wanaotafuta kwanza aliyemroga au waliorogwa naye, nao muda unapita. Malaria kali haingoji mashauri hayo yaishe. Yaweza kumwua mtoto kabla ya jua kuzama mara mbili. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009, ya kuwalinda watoto, inayajua mambo haya, nayo yamwadhibu mtu anayemshtaki mtoto kuwa mchawi. Nanyi wakatekumeni mmekwisha kusikia katika Injili ya Yohane habari ya mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi walitaka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana wetu alikataa mashtaka yote mawili, kisha akamponya. Wanafunzi walikuwa wakitafuta mkosaji. Yeye alimtazama mgonjwa.

Hukumu ya nne ni ndugu ya hiyo ya tatu: kwamba kosa ni la mama. Tusidhani kwamba ni wanakijiji peke yao wasemao hivyo. Kanner mwenyewe, katika maandiko yake ya baadaye, aliwataja wazazi wa watoto hao kuwa watu wenye mioyo baridi. Na mwaka 1967 Bruno Bettelheim alitoa kitabu kilichoieneza sana fikira hiyo. Akina mama wengi wa Ulaya na Marekani walibeba aibu isiyokuwa yao. Lakini mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya wazazi na kutangaza kwamba hawana hatia. Na mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walipowachunguza mapacha 21 na wenzao katika Uingereza, walionyesha kwamba asili ya usonji iko zaidi katika damu ya ukoo kuliko katika malezi. Hukumu hii ina madhara ya pekee wakati wa hatari: anayemdhania mama kuwa mkosaji hatamwamini akisema. Ndipo hupoteza shahidi wake aliye bora.

Je, asiyejua ana kosa?

Hapa ndipo swali letu linapokuwa gumu. Mtu atasema: «Muuguzi hakujua. Hakufundishwa habari za usonji. Alikuwa peke yake usiku, na wagonjwa watano wanamwita. Mnamlaumu kwa nini?»

Swali hili ni la haki, nasi hatutalijibu kwa ukali. Tupambanue mambo matatu.

Jambo la kwanza ni wazo linalokuja lenyewe. Sisi sote tumelelewa kati ya watu, tumesikia maneno yao tangu utoto, na maneno hayo yamekaa ndani yetu. Muuguzi akimwona mtoto yule, wazo «ndivyo alivyo» litamjia kabla hajaita wala kukataa. Kujiwa na wazo si dhambi. Asijichukie kwa ajili yake, wala asijidanganye akisema kwamba yeye hana mawazo kama hayo. Anayesema hana, huyo ndiye wa kuogopwa zaidi, maana hatalichungua.

Jambo la pili ni kulikubali wazo hilo kuwa hukumu bila kulipima. Hapo dhamiri inaingia. Mmefundishwa kwamba amri ya nane haikatazi tu kusema uongo juu ya jirani, bali hata kumhukumu moyoni bila sababu ya kutosha. Mara nyingi tunadhani amri hiyo ni kwa habari ya wezi na wazinzi: usimdhanie mtu kuwa mwizi pasipo ushahidi. Lakini kumdhania mgonjwa kuwa si mgonjwa pasipo kumpima, hiyo nayo ni hukumu bila ushahidi, na malipo yake yaweza kuwa uhai wa mtu.

Jambo la tatu ni ujinga wenyewe. Uko ujinga ambao mtu hawezi kuuondoa: hakuna wa kumwuliza, hakuna njia. Huo haumtii hatiani. Uko na ujinga ambao ungaliondoka kwa swali moja. Na usiku ule aliyejua alikuwa amesimama mbele ya muuguzi, mtoto mgongoni. Mama yule alikuwa amekwisha kusema: «Si hivi alivyo.» Kabla ya neno hilo muuguzi alikuwa mtu asiyejua. Baada ya neno hilo, akiendelea vilevile, ni mtu anayekataa kujua. Mpaka kati ya hali hizo mbili ni mwembamba, lakini upo, nasi tunauvuka mara nyingi bila kutazama chini.

Na kuhusu haraka, kweli mgonjwa wa hatari hangoji. Lakini haraka ya mikono si haraka ya hukumu. Kumwuliza mama swali moja hakuchukui muda mrefu kuliko kuifungua chupa ya dawa.

Kijana wa Bristol

Yaliyotokea mbali yatufundishe pia. Katika mji wa Bristol, Uingereza, mwaka 2016, kijana mmoja wa miaka 18, jina lake Oliver McGowan, alilazwa hospitalini kwa sababu ya kifafa. Alikuwa na usonji, na aliweza kusema. Yeye mwenyewe na wazazi wake waliwaambia waganga kwamba asipewe dawa za namna fulani za kutuliza akili, kwa kuwa zilikwisha kumdhuru zamani. Hata hivyo alipewa dawa ya namna hiyo. Ubongo wake ulivimba, naye akafariki mwezi wa Novemba mwaka ule.

Hospitali za nchi ile hazikosi taa wala dawa wala waganga waliosoma. Kwa hiyo tunaona kwamba umaskini peke yake si sababu ya mambo haya. Wazazi wa Oliver hawakunyamaza. Na kwa sheria ya mwaka 2022 ikaamriwa kwamba watumishi wa afya wa Uingereza wafundishwe habari za usonji na za upungufu wa akili. Mafunzo hayo yana jina la kijana yule.

Nasi huku tuna sheria zetu. Mwaka 2015 Kongo iliingia katika mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambayo yataka watu hao watibiwe sawasawa na wengine. Na tarehe 3 Mei 2022 ilitolewa sheria ya nchi ya kuwalinda na kuzikuza haki zao. Basi mama anayesema mlangoni «mtazame mwanangu» haombi sadaka. Anadai haki.

La kufanya

Haifai kuonyesha kosa tu bila kuonyesha njia. Twaweza kusema hivi.

Kwa muuguzi na kwa kila mtu anayeitwa kusaidia: swali la kwanza liwe hili, «Je, kila siku yuko hivi, au leo kuna badiliko?» Ndilo swali la fundi wa mashine. Swali la pili ajiulize mwenyewe: «Kama angalikuwa mtoto mwingine wa kijiji anayelia hivi, ningalitafuta nini?» Kisha akitafute kitu hichohicho: joto la mwili, masikio, meno, koo, tumbo, mifupa, mkojo, apime malaria, apime na sukari ya damu pale penye kipimo. Dawa ya kutuliza si mbaya kila mara, lakini isitangulie uchunguzi pasipo lazima, wala isiwe badala yake.

Tena apunguze kelele na watu. Taa asimwelekezee machoni. Aseme kabla ya kugusa, hata kama mgonjwa hajibu, maana wengi wasiosema husikia na kufahamu. Kitu anachokipenda mgonjwa asinyang'anywe. Na ikiwa hapana budi kumshika, asilazwe kifudifudi na kukandamizwa mgongoni, maana pumzi yaweza kuzibwa. Mgonjwa awezaye kusema, aulizwe yeye mwenyewe kwanza. Tusiseme juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo.

Kwa wazazi: ijueni kawaida ya mtoto wenu, na mwiandike, au mwombe mtu awaandikie, katika karatasi moja. Andikeni anavyoonyesha maumivu, anachokiogopa, kinachomtuliza, dawa anazokunywa, na dawa zilizowahi kumdhuru. Karatasi hiyo ikae pamoja na kadi yake ya afya. Safari ya kutoka Koni mpaka Likasi si fupi, na kule hospitalini hamtakutana na mtu amjuaye mtoto. Karatasi itasema hata mama akiwa amechoka au hayupo.

Kwa majirani: watoto wengi wenye usonji hutoka nyumbani kimya kimya, na wengi wao huvutwa na maji. Katika nchi nyingi kufa maji ni moja ya mambo yanayowaua sana. Sisi tunaishi karibu na Lufira. Mtoto wa namna hii akipotea, tafuteni kwanza majini, kisha kwingine. Wala msimwambie mama: «Huzoea kutembea, atarudi.» Maneno hayo nayo ni «ndivyo alivyo», yamevaa nguo nyingine tu.

Turudi mlangoni

Tulimwacha mama akisema: «Hapana, baba. Si hivi alivyo.» Muuguzi amechoka, na chupa ya dawa iko mkononi. Lakini anaiweka mezani na kuuliza: «Kila siku huwaje, mama?»

Mama anasema: «Kila siku hupiga makofi. Kichwa hajipigi kamwe. Leo tangu asubuhi anajipiga, na ni upande wa kulia tu. Bukari ameikataa.»

Upande wa kulia tu. Muuguzi anainama. Anaiweka taa chini, pembeni. Anamwambia mtoto anachotaka kufanya, kisha anangoja. Mama anampa mwanawe mawe yake mawili ayashike. Mtoto hatulii kabisa, bali anaacha kusukuma. Ndipo muuguzi anaona: nyuma ya sikio la kulia pamevimba, pana wekundu na joto, na sikio limesukumwa mbele. Usaha unatoka. Ugonjwa wa sikio umeingia katika mfupa, na ukiachwa waweza kufika ubongoni. Anampa dawa ya kwanza pale pale, anaandika barua, na kabla ya alfajiri mama na mtoto wako njiani kwenda Likasi.

Mtoto yule hakuwa na neno la kusema «sikio langu linauma». Alikuwa na ngumi yake tu, na kilio chake, naye alivitumia vyote viwili siku nzima. Dawa ya usingizi ingalimnyamazisha, na watu wote wangalisema kwamba amepona.

Maswali ya kujifunza

*Swali:* Kuhukumu kabla ya kuona ni nini?
*Jibu:* Ni kulipokea wazo tulilokuwa nalo tangu zamani kuwa ndiyo kweli ya mtu aliye mbele yetu, pasipo kumchungua.

*Swali:* Je, mtu mpole anaweza kuhukumu hivyo?
*Jibu:* Naam, na mara nyingi yeye hajijui, kwa kuwa hakuna chuki moyoni mwake ya kumshtua.

*Swali:* Atajitambuaje?
*Jibu:* Atajitambua hivi: ametoa jibu kabla ya kuuliza swali, au amesikia neno la mgonjwa au la mzazi wake, nalo halikubadilisha lolote.

*Swali:* Nani anaijua kawaida ya mgonjwa asiyesema?
*Jibu:* Yule akaaye naye kila siku. Ndiyo maana wazee walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

*Swali:* Mtu akitambua kwamba alikwisha kuhukumu vibaya, afanye nini?
*Jibu:* Arudi kitandani kwa mgonjwa upesi, amchungue upya, na amwombe mzazi radhi. Kurudi hakumpunguzii mganga heshima.

Jumapili hii, baada ya mafundisho, kila mmoja amkumbuke mtu mmoja wa kijiji chake ambaye watu husema juu yake «ndivyo alivyo». Kisha amwendee, au amwendee mama yake, na kumwuliza kawaida yake ni ipi. Siku ya hatari ikija, atakuwako mtu mwingine anayeijua.